Neno "indolent" na mguu wa mzee wa Baraka

 Salamu kwa nyinyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma kimyakimya bila kuacha hata alama ya dole gumba. Tunajua mpo.

Mwezi huu tulikubaliana kila mtu aandike juu ya neno moja la Kiingereza lililompa shida. Nimesoma ya wenzangu, mengine yamenichekesha sana. Langu mimi halichekeshi. Ni neno indolent.

Ukiliandika kwenye kamusi ya simu, linakujibu neno moja tu: mvivu. Ukiishia hapo, umefanya kama nilivyofanya mimi. Naomba msiishie hapo, na nitawaambia kwa nini.

Mimi ni mtoto wa Uvira. Sasa naishi hapa Bujumbura, kartiye ya Bwiza, lakini kabla ya kuja mjini nilikaa miaka minne kambini, huko mashariki mwa Burundi, kwenye milima. Nilikuwa mjitoleaji. Si kazi ya kujisifu. Unavaa kizibao chenye nembo ya shirika, unapewa posho ndogo mwisho wa mwezi, na wakimbizi wenzako wanaanza kukuona kama bosi. Wewe unajua wewe si bosi. Lakini kuna siku unasahau.

Kulikuwa na mradi wa bustani. Watu ishirini na wawili wa blok yetu walipewa kipande cha ardhi, majembe, na mbegu za lengalenga, vitunguu na kabichi. Kazi yangu ilikuwa rejista. Kila asubuhi naweka alama: amekuja, hakuja. Upande wa kulia wa ukurasa kulikuwa na safu pana imeandikwa "Maelezo". Hapo unaandika unachotaka. Hakuna aliyenifundisha kinachoandikwa hapo.

Kati ya wale watu kulikuwa na mzee mmoja wa Baraka, kule Fizi. Sitataja jina lake. Maisha yake yote alikuwa mvuvi. Mnaolijua ziwa letu Tanganyika mnajua kwamba kuvua ndagala ni kazi ya usiku. Mnatoka jioni na taa, mnaingia gizani, ndagala wanafuata mwanga, mnarudi alfajiri. Mwezi ukiwa mkubwa kazi inasimama, kwa sababu taa haina nguvu tena mbele ya mwezi. Kwa hiyo mvuvi analala mchana.

Basi tulipomwona mzee anasinzia mchana mbele ya nyumba yake, jibu tulikuwa nalo tayari: huyu bado yuko kwenye saa za ziwa. Usiku majirani walimsikia anatoka nje mara nne, mara tano. Jibu ni lile lile: mvuvi hawezi kulala usiku. Alikuwa anatembea na chupa ya maji kila anapoenda, ikiisha anajaza nyingine. Hapo tulifanya mzaha kabisa: "Mzee amekosa ziwa, sasa analibeba kwenye chupa." Watu walicheka. Mimi pia nilicheka.

Siku ya tatu ya mradi alijikata na jembe mguuni, karibu na kidole gumba. Hakusema kitu, aliendelea kulima. Mama mmoja ndiye aliyeona damu kwenye udongo akapiga kelele. Mzee akaangalia chini kama anaangalia mguu wa mtu mwingine, akasema, "Ah, sikusikia." Tukamfunga kitambaa. Watu wakasema huyu mzee ni mgumu, hawa ndio wanaume wa zamani.

Baada ya hapo akaanza kukosa. Wiki ile mara mbili, wiki iliyofuata mara nne, halafu hakuja tena kabisa. Siku moja nilipita mbele ya nyumba yake saa nne asubuhi. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mguu ameunyosha mbele, macho ameyafumba. Nilimsalimia, akaitikia, nikaendelea na safari yangu. Jua lilikuwa kali na mimi nilikuwa na nyumba nyingi za kupita. Jioni, kwenye safu ya Maelezo, nikaandika neno moja: mvivu.

Mwisho wa mwezi msimamizi wetu akaniambia kwamba wafadhili wanataka maelezo kwa Kiingereza. "Wewe umesoma, tafsiri." Sasa, mimi nilimaliza sekondari Kongo, shule yote kwa Kifaransa. Kiingereza changu ni cha simu na cha klabu ya jioni. Neno lazy nilikuwa nalijua, nani asiyelijua? Lakini nililiona dogo, kama neno la mama anayegombeza mtoto. Nikatafuta kubwa zaidi. Kwenye orodha ya maneno yanayofanana nikaona indolent. Sha, nilifurahi. Neno hilo lipo hata kwenye Kifaransa, herufi kwa herufi. Lilikuwa na sura ya neno la mtu aliyesoma. Nikaliandika mbele ya namba ya mzee. Msimamizi akalisoma, akasema, "Eh! Kiingereza chako kimepanda." Usiku ule nililala vizuri.

Awamu ya pili ya mradi ilipoanza, majina matatu hayakurudi kwenye orodha. La mzee lilikuwa mojawapo. Hakuna aliyemweleza sababu, naye hakuja kuuliza. Mimi sababu nilikuwa naijua, nikanyamaza. Nilijiambia: si mimi niliyeamua. Ni kweli sikuamua. Mimi niliandika tu.

Baadaye nikapata ruhusa ya kuja Bujumbura. Hapa kazi yangu ya kujitolea ni kuwasindikiza wagonjwa wanaotumwa kutoka kambini kuja hospitali za mjini. Wengi wao wanajua Kiswahili tu, au Kibembe, au Kifuliiru. Daktari anaongea Kifaransa na Kirundi. Mimi nakaa katikati.

Siku moja nilikuwa na mama mmoja mwenye kidonda chini ya unyayo. Kilikuwa na miezi, hakifungi. Daktari, kijana Mrundi ambaye hanizidi miaka mingi, alikiangalia vizuri, halafu akaandika kwenye faili kwa Kifaransa: ulcère indolent. Nilikuwa nimesimama nyuma yake nikasoma. Nikashtuka. Kidonda kivivu? Nikafikiri labda amekosea. Nikamuuliza kwa heshima, "Dokta, samahani, kidonda kinawezaje kuwa kivivu?"

Alicheka, lakini si kwa kunidharau. Akasema, "Wewe unajua Kifaransa. Douleur ni nini?" Nikasema, maumivu. "Basi," akasema, "ni mzizi ule ule, wa Kilatini. Dolere ni kuuma. Ukiweka in- mbele, inakuwa kitu kisichouma. Kidonda hiki hakimuumi. Ndiyo maana nimeandika hivyo. Ile ya uvivu ni maana iliyokuja baadaye."

Nilikwenda kutafuta baadaye na ni kweli. Waingereza walianza kulitumia neno hili kwenye mambo ya uganga katika karne ya 17, kwa kitu kisicho na maumivu. Ilifika karne ya 18 ndipo wakaanza kulitumia sana kwa mtu: kwanza mtu anayeishi raha bila kujisumbua, halafu mtu asiyependa kujisumbua, na mwisho mvivu. Madaktari wao hawakuliacha. Mpaka leo wanalitumia kwa kidonda kisichouma na kisichofunga, na kwa baadhi ya saratani zinazotembea polepole bila kumsumbua mgonjwa. Mtu mmoja akisema indolent anatukana, mwingine anatoa taarifa ya ugonjwa. Neno ni hilo hilo.

Narudi kwa daktari. Akaniambia nimweleze mama kwamba kidonda kinachouma ni rafiki, kwa sababu kinakuita ukitazame. Hiki kisichouma ndicho kinachoweza kuchukua mguu. Akasema ana wasiwasi na sukari. Sukari ikikaa juu kwenye damu kwa muda mrefu bila kutibiwa, inaharibu mishipa ya fahamu, hasa ya miguuni. Mtu anakanyaga msumari, anajikata, anaungua, hasikii. Kisha akaanza kuuliza maswali, mimi natafsiri.

"Mama, unasikia kiu sana?"

"Usiku unaamka mara ngapi kwenda kukojoa?"

"Mchana unachoka bila kufanya kazi? Unasinzia?"

Mama alikuwa anajibu, nami nilikuwa napeleka majibu yake kwa Kifaransa. Lakini ndani ya kichwa changu aliyekuwa anajibu hakuwa yule mama. Chupa ya maji. Kutoka nje mara nne, mara tano. Macho yaliyofumbwa saa nne asubuhi. "Ah, sikusikia." Swali la tatu nilishindwa kulitafsiri, daktari akanigeukia kuona nina nini.

Nilipotoka nje nilimpigia simu mjitoleaji mwenzangu aliyebaki kambini. Nikamuuliza, "Yule mzee wa Baraka bado yuko?" Akasema yuko, lakini siku hizi hatoki, mguu umevimba, na watu wanasema unanuka. Nikamwambia, ndugu yangu, usingoje kesho. Mpeleke sasa hivi kwenye kituo cha afya, waambie wapime sukari. Jioni akanipigia. Sukari ilikuwa juu sana. Wiki hiyo hiyo wakamleta Bujumbura kwa gari la wagonjwa. Walimkata vidole viwili vya mguu. Daktari alisema mguu wenyewe umenusurika, na kwamba angechelewa zaidi tungekuwa tunaongea habari nyingine.

Nilikuwa mkalimani wake. Siku nne nilikaa karibu na kitanda chake nikitafsiri dawa, chakula, sindano. Siku ya tano nikaona siwezi tena. Nikamwambia, "Papa, kuna kitu. Kule kambini, mimi ndiye niliyeandika kwamba wewe ni mvivu. Ndiyo maana jina lako liliondolewa kwenye bustani."

Aliniangalia muda mrefu. Nilitegemea agombe. Angegomba ningeshukuru.

"Kwa hiyo ni we uliandika ile?"

"Ndiyo, Papa."

"Ungeniuliza tu," akasema. Halafu akanyamaza kidogo, akaongeza: "Lakini hata mi mwenyewe sikujua. Mi nilifikiri ni huzuni. Tulitoka Baraka watu tisa kwenye boti, tukafika watano. Nilisema mwili umechoka juu ya wale. Nani angejua ni sukari?"

Hilo ndilo lililonimaliza. Sisi tulisema uvivu. Yeye alisema huzuni. Majirani walisema ziwa. Kila mtu alikuwa na jibu, na kwa sababu jibu lilikuwepo hakuna aliyemuuliza swali ambalo daktari aliuliza kwa dakika mbili.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuchimba maneno ya uvivu, wenzangu wa klabu wamechoka na mimi. Nawapeni machache, kwa sababu yanafundisha, na kwa sababu ndiyo maneno tunayokutana nayo kwenye ripoti.

Lazy ndilo la mazungumzo. Utalisikia nyumbani, shuleni, kazini. Indolent ni la maandishi, la vitabu, huwezi kumwambia mdogo wako aliyekataa kuosha vyombo. Ukilisema hivyo watu watacheka. Jina lake ni indolence, yaani hali yenyewe. Na ukiliandika juu ya mtu, jua kwamba ni zito kuliko lazy. Lazy inaweza kuwa ya leo tu: leo nimeamka na uvivu. Indolent inasema ndivyo mtu alivyo, ndiyo tabia yake. Mimi nilimpa mzee neno hilo kwa kumwona mara moja kwenye kiti.

Halafu kuna idle. Hili nyinyi wa mashirika mnalipenda sana, hasa likiwa karibu na neno vijana. Zamani za kale maana yake ilikuwa tupu, kitu kisicho na kitu ndani. Siku hizi Mwingereza analitumia hata kwa gari: mota inawaka, gari haiendi. Wakazi wa Bujumbura mmeona foleni za mafuta miaka hii, magari yamepangwa usiku na mchana mbele ya kituo. Sijasikia mtu akisema yale magari ni mavivu. Kila mtu anajua kinachokosekana. Lakini kijana mwenye diplome akikaa kivulini kambini, hana karatasi ya kutoka, hana mtaji, hana mwajiri, huyo tunasema mvivu, na hatuulizi mafuta yako wapi.

Na sisi Waswahili tusijione wasafi. Mnajua methali "Ajizi ni nyumba ya njaa". Tunaisema kwa kumchoma mtu asiyefanya kazi. Lakini ajizi limetoka kwenye Kiarabu, na huko linahusu mtu asiyeweza, aliyeishiwa nguvu. Tumelichukua neno la asiyeweza, tukalifanya neno la asiyetaka. Waingereza walichukua neno la asiyeumia, wakalifanya vile vile. Inaonekana ni kazi ya watu wote, si ya lugha moja. Ukimwona mtu hafanyi kitu, ni rahisi kusema hataki. Kusema hawezi kunakudai umsaidie. Kusema haruhusiwi kunakudai ugombane na mkubwa fulani. Kusema hataki hakukudai chochote, unafunga rejista unaenda kula.

Hapa jirani yangu kuna mzee mmoja Mrundi, Kiswahili chake ni cha Tanzania kabisa. Yeye alikulia Katumba. Vijana wengi hawajui habari hii, kwa hiyo naisema kwa kifupi. Mwaka 1972 Warundi wengi sana walikimbilia Tanzania. Serikali ya Tanzania haikuwafungia kwenye mahema. Iliwapeleka kwenye makazi matatu, Ulyankulu, Katumba na Mishamo, porini huko magharibi, penye msitu na mbung'o, na kila familia ikapewa ardhi. Walifyeka, wakalima mahindi, muhogo, maharage, wengine tumbaku. Kufika katikati ya miaka ya 1980 makazi hayo yalikuwa yamekabidhiwa kwa serikali, watu wanajilisha na kuuza ziada. Mwaka 2014 Tanzania ikawapa uraia zaidi ya 160,000 kati yao na watoto wao.

Sasa nina binamu yangu Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, nchi hiyo hiyo ya Tanzania. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili yetu Wakongomani tuliovuka ziwa. Binamu yangu hana shamba, na kutoka nje ya kambi bila kibali ni kosa. Anangoja chakula cha msaada. Ukiwaweka pamoja yule jirani yangu na binamu yangu, mmoja utamwita mchapakazi, mwingine utamwita mvivu. Mimi nawajua wote wawili. Tofauti niliyoiona ni shamba na kibali.

Wafanyakazi wa misaada huenda mmesikia jina la Barbara Harrell-Bond. Mwaka 1986 alitoa kitabu kinachoitwa Imposing Aid, juu ya wakimbizi wa Uganda waliokuwa kusini mwa Sudan. Alipinga ile tabia ya kusema kwamba msaada unamgeuza mkimbizi kuwa mvivu wa kungoja kupewa, akataka tuangalie kwanza namna msaada wenyewe unavyotolewa. Yeye alisema kwa utafiti wa muda mrefu. Mimi nimelipata kwa vidole viwili vya mguu, tena si vyangu.

Msinielewe vibaya. Sisemi wavivu hawapo. Wapo, hata kambini, hata Bwiza. Mimi mwenyewe kuna Jumamosi ambazo mama yangu angeniona angelia. Lakini mvivu wa kweli ukimuuliza atakupa sababu yake, utaisikia, utaipima. Shida ni yule tusiyemuuliza.

Kwa hiyo nimejiwekea sheria moja, nawapeni bure vijana wenzangu mnaoshika rejista na fomu. Kwenye safu ya Maelezo siandiki tena mtu ni nani. Naandika nilichokiona na nilichoulizwa au kujibiwa. "Hakuja mara tatu. Nilimtembelea Jumanne. Anasema mguu umevimba." Au kama sikwenda, naandika ukweli: "Hakuja mara tatu. Sijamuuliza." Sentensi hiyo ya mwisho inauma kuiandika. Iache iume. Mkubwa wako akiisoma atajua kuna kazi bado haijafanyika. Akisoma "mvivu", anajua kazi imekwisha.

Na nyinyi mnaosoma ripoti ofisini, mkikuta neno kama indolent, au mvivu, au utegemezi, mpigieni simu aliyeliandika. Muulizeni ameona nini. Mimi hakuna aliyenipigia. Ningepigiwa simu siku ile, nadhani ningeona aibu, ningerudi kwenye kile kiti cha plastiki.

Jambo jingine la afya, kwa sababu nimeahidi daktari nitalisema: ukimwona mtu anakunywa maji sana, anakojoa sana usiku, anachoka na kusinzia mchana, au ana kidonda cha mguu kisichouma na kisichopona, usimpe jina. Mpeleke akapime sukari. Kipimo ni tone moja la damu kwenye kidole.

Nilijaribu kuirekebisha ile ripoti. Nilimwandikia msimamizi wangu wa zamani. Alinijibu vizuri tu, akasema mwaka ule umeshafungwa, faili zimepelekwa. Kwa hiyo mahali fulani, kwenye kompyuta ya mtu ambaye hatamwona kamwe yule mzee, bado kuna namba na mbele yake neno nililolichagua kwa sababu lilikuwa zuri machoni. Siwezi kulifuta. Ndiyo maana nimeliandika hapa.

Mzee sasa yuko Rumonge kwa mtoto wa ndugu yake. Ziwani haingii tena, mguu haukubali. Anashona nyavu za wengine pale ufukweni, na dawa zake anazinywa. Mwezi uliopita alinitumia ujumbe wa sauti. Nyuma unasikia mawimbi na watu wanabishana bei ya ndagala. Ananiambia ameshona nyavu mbili kabla ya saa sita, halafu anacheka: "Andika ile kwa daftari yako."

Nimeiandika, Papa.

Sasa ni zamu yenu. Kirundi wanasema umunebwe. Nyinyi kwa Kibembe, kwa Kifuliiru, kwa Kinyamulenge, kwa Kishi, mnamwitaje mvivu? Muulizeni bibi au babu neno hilo lilianzia wapi, halafu mtuandikie hapo chini. Na kama kuna mtu uliwahi kumpa jina hilo bila kumuuliza, na bado yuko karibu, nenda kamsalimie leo. Ukae kidogo, usipite.